Kizunguzungu na Macho Kuingia Giza: Tujifunze Kueleza

SOMO LA VIKUNDI: AFYA YA JAMII

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze
1. kueleza kizunguzungu chake kwa maneno kamili, si kwa neno moja tu;
2. kuandika daftari la vipindi na kulipeleka kwa mhudumu wa afya;
3. kutaja dalili za kumkimbiza mtu hospitali siku hiyo hiyo.

Muda: Saa moja na nusu. Mnaweza kuligawa somo katika mikutano miwili.
Vifaa: Daftari, kalamu, na saa au simu ya kuhesabu dakika.



Mtu akikwambia "nina kizunguzungu," bado hujajua ana nini. Neno hili moja tumelibebesha mzigo mkubwa. Kuna mtu ambaye nyumba inamzunguka kama gurudumu. Kuna mwingine ambaye akisimama tu, macho yanaingia giza. Kuna anayeyumba kama mlevi na hajaonja kitu. Kuna anayeona vimulimuli, au vitu viwili viwili, au akikutazama usoni anaona nusu ya uso haipo. Wote wanasema "ni kisunzi," basi. Halafu watu wa nyumbani wanaanza kutafuta jina: ni presha, ni sukari, ni malaria, ni mapepo, ni jirani.

Wengi wetu tumeenda hospitali kwa sababu hiyo. Umepimwa presha, umetolewa damu, umeambiwa kila kitu kiko sawa, nenda nyumbani upumzike. Juma linalofuata kinarudi tena. Hapo ndipo mtu anakata tamaa. Anafikiri hakuna anayemwamini, au ana ugonjwa usiojulikana duniani. Wengine huacha kwenda hospitali kabisa, wakawa wananunua vidonge dukani kwa kubahatisha.

Ndugu zangu, tuelewe jambo moja. Kipimo huonyesha mwili ulivyo wakati ule unapopimwa. Kizunguzungu cha nusu dakika kilichokushika Jumatatu alfajiri hakitaonekana Alhamisi saa nne kwenye foleni. Daktari hakuwepo Jumatatu. Wewe ulikuwepo, na mtu wa nyumbani kwako alikuwepo. Kwa hiyo maelezo yenu ni sehemu ya matibabu, tena sehemu kubwa. Mara nyingi kwa ugonjwa wa namna hii, maelezo mazuri humsaidia daktari kuliko mashine.

NENO LA KUTUONGOZA

Someni Marko 9:14-29 katika kikundi. Ni habari ya baba aliyemleta mwanawe mwenye kuanguka. Angalieni jambo ambalo tunalipita haraka. Kabla ya kumponya yule kijana, Yesu alimwuliza baba yake hali hiyo ilianza lini. Baba akaeleza: tangu utotoni, na kwamba mara nyingi imemwangusha motoni na majini. Bwana wetu aliuliza historia, na baba alikuwa na jibu kwa sababu alikuwa amemwangalia mwanawe miaka yote ile. Hakuona aibu kueleza mbele ya umati. Nasi tujifunze kuangalia na kueleza namna hiyo.

SEHEMU YA 1: MASWALI SITA

Kila mtu ajifunze maswali haya kwa moyo. Ndiyo mhudumu wa afya anayotaka kujua.

1. Ulihisi nini hasa? Vitu vinazunguka? Unakaribia kuzimia? Miguu inayumba? Ama kichwa ni chepesi tu? Hizi ni habari nne tofauti.
2. Ulikuwa unafanya nini? Umelala, unageuka, unainuka, unatembea, unapika, unanyunyiza dawa shambani?
3. Kilichukua muda gani? Sekunde, dakika, saa, ama siku nzima? Ukiwa huna saa, sema Baba Yetu polepole moyoni. Baba Yetu moja ni kama nusu dakika.
4. Macho yaliona nini? Giza, ukungu, vimulimuli, mistari inayometameta, vitu viwili, ama pazia upande mmoja? Hapa fanya jambo dogo sana ambalo wengi hawalijui: funga jicho la kulia uangalie, kisha funga la kushoto uangalie. Kama shida iko kwa jicho moja tu, tatizo linaweza kuwa katika jicho lenyewe au mishipa yake ya damu. Kama ukifunga lolote bado unaona ile shida, mara nyingi chanzo kiko ndani, kwenye ubongo. Lakini kama unaona vitu viwili, na ukifunga jicho moja kinabaki kimoja, ujue macho hayaelekei pamoja. Sema hivyo hospitalini.
5. Kulikuwa na nini kingine? Kuumwa kichwa, kutapika, kelele masikioni, sikio kuziba, jasho, moyo kwenda mbio, ganzi, ulimi kuwa mzito?
6. Ulikuwa umekula nini, umekunywa nini, na unatumia dawa gani? Taja zote, hata za mitishamba, hata zile za kupanga uzazi.

SEHEMU YA 2: IGIZO FUPI

Watu wawili waigize mbele ya kikundi. Mmoja ni mama mkulima, mwingine ni muuguzi wa dispensari.

MAMA: Sista, niko na kizunguzungu. Nimekuja unipatie dawa ya presha.
SISTA: Pole sana mama. Keti kwanza. Mara ya mwisho kilikushika lini?
MAMA: Aii, hiyo ni kila siku.
SISTA: Kila siku? Hata leo?
MAMA: Leo hapana. Ilikuwa juzi. Na wiki iliyopita, siku ya soko.
SISTA: Juzi ulikuwa unafanya nini?
MAMA: Nilikuwa nimeinama napalilia mahindi. Kuinuka hivi, nikaona tu giza. Masikio yakafanya shiii. Nikashikilia jembe nisianguke.
SISTA: Vitu vilikuwa vinazunguka, ama ni kama unataka kuzimia?
MAMA: Kuzunguka hapana. Ni kama kuzimia.
SISTA: Ilichukua muda gani?
MAMA: Muda mrefu sana.
SISTA: Kama Baba Yetu ngapi?
MAMA: (anacheka) Hata moja sikumaliza.
SISTA: Ulikuwa umekula?
MAMA: Chai ya rangi tu asubuhi. Na jua lilikuwa kali, hata maji sikuwa nimebeba.
SISTA: Na ile siku ya soko?
MAMA: (kwa sauti ya chini) Siku hiyo nilikuwa kwa mwezi. Siku hizi damu inakuja nyingi, inafika siku nane. Lakini hiyo ni mambo ya wanawake, sikutaka kukusumbua.
SISTA: Mama, hiyo ndiyo ulikuwa unataka kuniachia nyumbani, na ndiyo nilikuwa naitafuta. Nitakupima presha ukiwa umelala, kisha nitakupima tena ukiwa umesimama. Halafu tutapima damu tuone kama imepungua.

Baada ya igizo, mwalimu aeleze hivi. Mama alipoinuka, damu ilibaki miguuni na presha ikashuka kwa muda mfupi, ubongo na macho vikakosa damu ya kutosha. Ndiyo maana akaona giza. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, katika dakika tatu baada ya kusimama, hiyo ni alama wazi. Sababu zake ni nyingi: kukosa maji, kuhara, njaa, mimba, dawa fulani, na upungufu wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, kipimo cha damu kikiwa chini ya 12 basi damu ni pungufu.

Sasa fikirini. Huyu mama alikuja kuomba dawa ya presha. Kama angeinunua dukani kwa kusikia jirani alisaidiwa nayo, ingemshusha presha zaidi, pengine angeanguka juu ya jiko na mtoto mgongoni. Na ile damu inayomwishia kila mwezi ingeendelea kumwishia.

SEHEMU YA 3: MADAFTARI MANNE

Hii ni mifano tuliyoitunga kwa ajili ya somo. Someni daftari moja moja kwa sauti, kikundi kijaribu kusema kinaona nini, kisha msome maelezo.

Daftari la kwanza: mama wa miaka 60.
Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri: Nimegeuka upande wa kulia kitandani. Paa linazunguka. Baba Yetu moja, likaacha. Kichefuchefu.
Jumanne, saa nane mchana: Nimeinua kichwa kutoa sufuria kwa rafu ya juu. Nyumba inazunguka. Chini ya Baba Yetu moja.
Jumatano: Hakuna.
Alhamisi, alfajiri: Nimegeuka kulia tena. Vile vile. Masikio ni sawa.

Maelezo: Hapa kichwa kikibadilisha mlalo ndipo kinakuja, tena kwa sekunde chache. Ndani kabisa ya sikio kuna mirija midogo yenye maji, ndiyo mizani ya mwili. Kuna pia vijiwe vidogo sana vya chokaa. Vijiwe hivyo vikitoka mahali pake vikaingia kwenye mirija, ubongo unadanganywa kwamba mwili unazunguka. Ni ugonjwa wa kawaida kwa watu wa makamo na wazee. Unatisha lakini hauui, na mara nyingi hauhitaji vidonge. Mwaka wa 1992 daktari mmoja wa Marekani, John Epley, alichapisha namna ya kumlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka vijiwe virudi mahali pake. Hufanyika kitandani kwa dakika chache, bila mashine. Mwulize daktari au mtaalamu wa viungo kama anaijua. Lakini kama kuzunguka kunachukua saa nzima au zaidi, na sikio moja lina kelele na kusikia kunapungua, huo ni ugonjwa mwingine, alioueleza daktari Mfaransa Prosper Ménière mwaka wa 1861. Huo wataka daktari wa masikio.

Daftari la pili: baba wa miaka 35, anaishi chumba kimoja na familia.
Tarehe 3 Julai, saa tatu usiku: Kichwa kinauma, kizunguzungu, macho yana ukungu. Mke wangu pia. Mtoto ametapika.
Tarehe 4, mchana kazini: Niko sawa.
Tarehe 5, saa nne usiku: Kimerudi. Nimetoka nje kwa choo, nikapata nafuu. Nimerudi ndani, kikaanza tena.
Tarehe 8: Hakuna baridi leo, tumelala vizuri.

Maelezo: Kikundi kimeona? Kinakuja usiku, wakati wa baridi, kinawashika wote, na nje kinapungua. Ni jiko la makaa lililoingizwa ndani kupasha chumba joto, madirisha yamefungwa. Makaa yanayowaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inaitwa kaboni monoksaidi. Inashika damu ikaizuia kubeba hewa safi. Watu hudhani hatari ni moshi, kwa hiyo wanangoja makaa yawe mekundu ndipo wanaingiza jiko ndani. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa gesi hiyo. Hii familia haina kizunguzungu cha kutafutiwa dawa. Imeponea chupuchupu. Siku moja wangelala wasiamke. Jiko litoke nje usiku huo huo, na wao wapelekwe hospitali wakaangaliwe.

Daftari la tatu: msichana wa miaka 24.
Tarehe 12, saa nne asubuhi: Nilikuwa nasoma. Katikati ya karatasi pakawa na doa, herufi hazionekani. Doa likaanza kukua, pembeni likawa na mistari ya kupindapinda inayometameta. Nimefunga jicho moja kisha lingine, bado naiona. Dakika 20. Baadaye kichwa kikauma upande mmoja mpaka jioni, sikutaka mwanga.
Tarehe 10 mwezi uliofuata: Vile vile, siku mbili kabla ya hedhi. Sikuwa nimelala vizuri.

Maelezo: Hiki ni kipandauso. Watu wengi wanajua kipandauso ni kuumwa kichwa tu, hawajui kwamba kinaweza kutanguliwa na macho. Kwa kawaida mambo ya macho huanza polepole, yanakua, na kuisha baada ya dakika 5 hadi 60. Wakati mwingine kichwa hakiumi kabisa, mtu akabaki na hofu kwamba anapofuka. Kukosa usingizi, njaa, na hedhi vinaweza kukiamsha. Daftari litamsaidia kujua chake kinaamshwa na nini. Jambo moja muhimu: mwanamke mwenye kipandauso cha namna hii, cha kuona mistari, asitumie vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni, kwa sababu vinaongeza hatari ya kiharusi. Kuna njia nyingine salama. Amwambie muuguzi wa kliniki ya uzazi wazi wazi. Na kama ndiyo mara ya kwanza kabisa, aonwe na daktari kabla ya kuamini kwamba ni kipandauso.

Daftari la nne: mzee wa miaka 66, anatumia dawa ya kisukari.
Jumapili, saa nane mchana: Ibada ilichelewa. Natetemeka, jasho baridi, macho ukungu, watu wakaniambia nasema maneno yasiyoeleweka. Nimepewa soda, baada ya robo saa nikawa sawa.
Jumatano, saa sita na nusu: Nimelima sana kabla ya kula. Vile vile.

Maelezo: Sukari imeshuka sana. Mtu anayedungwa insulini, au anayetumia dawa kama glibenklamaidi, asipokula kwa wakati sukari yaweza kushuka chini ya 4. Akiwa anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali mbio. Na wazee wa kanisa, mkijua ibada ya sikukuu itakuwa ndefu, si vibaya kutangaza kwamba wenye kisukari wale kitu hata katikati ya ibada. Hakuna atakayewalaumu.

SEHEMU YA 4: VITU VYA KWETU AMBAVYO TUNAVISAHAU

Dawa ya kunyunyizia mimea. Ukinyunyiza nyanya, kahawa au sukuma wiki bila kujifunika, dawa inaingia kwa ngozi na kwa pumzi. Kizunguzungu, macho kuona ukungu, mboni ya jicho kuwa ndogo kama nukta, mate mengi, jasho, tumbo kuuma na misuli kutetemeka: hizo ni dalili za sumu. Toka shambani, vua nguo zote, oga kwa sabuni na maji mengi, nenda hospitali ukiwa na mkebe wa dawa wasome maandishi yake.

Pombe ya sumu. Pombe iliyochanganywa na methanoli haionyeshi hatari mara moja. Saa 12 hadi 24 zikapita, ndipo mtu anaanza kuona kama yuko ndani ya ukungu mweupe, halafu giza. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Mtu aliyekunywa jana na leo macho yanafifia, hilo si la kusubiri alale limtoke. Ni hospitali sasa hivi.

Dawa za hospitali. Dawa za presha zaweza kumshusha mzee akiamka usiku kwenda choo. Aketi kwanza kando ya kitanda, asimame polepole, na amwambie daktari. Asiziache mwenyewe, maana presha ikipanda huleta kiharusi. Kwinini huleta kelele masikioni, kizunguzungu na ukungu wa macho. Anayetumia dawa za kifua kikuu, akiona rangi zimebadilika, hasa nyekundu na kijani, arudi kliniki haraka, kwa sababu dawa moja, ethambutoli, yaweza kudhuru mshipa wa jicho. Asikae nyumbani, na asikatize dawa kwa siri.

SEHEMU YA 5: SIKU HIYO HIYO, USINGOJE KESHO

Haya yabandikwe ukutani:

- Uso umepinda upande mmoja, mkono au mguu umekosa nguvu, maneno hayatoki vizuri, au ghafla mtu anaona viwili viwili au hawezi kusimama. Ni dalili za kiharusi.
- Jicho moja limeingia giza ghafla kama pazia limeshuka, hata kama limerudi baada ya dakika chache.
- Vimulimuli na madoa meusi mengi ghafla katika jicho moja, na kivuli kinachosogea kutoka upande. Pazia la ndani ya jicho laweza kuwa linabanduka. Tafuta hospitali ya macho, kama ile ya Kikuyu au Sabatia, ama yoyote iliyo karibu.
- Mama mjamzito aliyepita miezi mitano, mwenye kuumwa kichwa sana, kuona vimulimuli au ukungu, maumivu juu ya tumbo, au presha ya 140/90 na zaidi. Anaweza kupata degedege akafa yeye na mtoto.
- Kuzimia katikati ya kazi nzito au mbio, au kuzimia bila onyo lolote, au moyo kwenda ovyo. Moyo upimwe.
- Kichwa kuuma kwa ghafla kuliko wakati wowote maishani, au pamoja na homa na shingo kukakamaa.
- Kizunguzungu baada ya kuanguka au kugongwa kichwa.

Tusisitize hiyo ya pazia na ya kiharusi. Mara nyingi hali inapita baada ya robo saa, mzee anaamka, anaomba chai, na watoto wanashukuru Mungu. Tushukuru, ndiyo, lakini twende. Kiharusi kidogo kilichopita ni onyo, na hatari ya kikubwa kufuata ni kubwa hasa katika siku mbili za kwanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya picha ya kichwa, na si kila hospitali iko nayo. Kwa hiyo angalia saa ilipoanza, iandike. Usimpe aspirini nyumbani, kwa sababu huwezi kujua kama ni damu imeganda ama mshipa umepasuka.

SEHEMU YA 6: MTU AKIANGUKA MBELE YAKO

Akizimia, mlaze chali, inua miguu yake, mlegeze nguo, watu wasimzingire. Usimkalishe wala kumsimamisha haraka. Akiwa anatupa mikono na miguu, ondoa vitu vya kumwumiza, mgeuze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Hesabu dakika. Zikipita tano, ni hospitali. Kama simu iko karibu, mtu mmoja wa nyumbani achukue picha ya video kwa heshima, si ya kusambaza bali ya kumwonyesha daktari. Video moja ya dakika moja yaweza kumaliza ubishi wa miaka miwili.

Kwa anayeshikwa mara kwa mara na bado sababu haijapatikana: asipande mti wala paa, asiendeshe pikipiki, asichote maji kisimani peke yake, na asipike na moto wa chini akiwa na mtoto mgongoni. Hii ni kazi ya kikundi pia. Jirani anaweza kumchotea maji.

SEHEMU YA 7: "VIPIMO NI SAWA", JE, SASA?

Vipimo vikiwa sawa, hiyo nayo ni habari njema. Mambo kadhaa yameondolewa. Haina maana kwamba unajifanya. Kuna wanaoshikwa kwa hofu na mawazo mengi: pumzi inakwenda haraka, vidole na midomo vinafanya ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, macho yanafifia. Hao nao wanaumwa kweli, na wanaweza kusaidiwa. Lakini tusikimbilie kumwambia kila mama "ni mawazo tu" kabla ya kusoma daftari lake.

Na kuhusu mapepo. Kumwombea mgonjwa ni wajibu wetu na hatutaacha. Lakini kumwombea hakutuzuii kumwuliza maswali sita. Mwenye kifafa asiambiwe aache dawa kwa sababu ameombewa. Wala mtu asifungwe, asipigwe, wala asinyimwe chakula kwa jina la maombi. Bwana aliuliza kwanza, nasi tuulize.

Msaada uko karibu kuliko zamani. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii kama 100,000 nchini, na katika mikoba yao kuna kipima presha na kipima sukari. Ulizeni wa kijiji chenu ni nani, mwalikeni katika mkutano ujao. Mwombeni aonyeshe kupima presha mtu akiwa amelala na akiwa amesimama.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika lugha zetu za nyumbani, tuna maneno mangapi ya kizunguzungu? Lipi ni la kuzunguka, lipi ni la kuzimia, lipi ni la macho?
2. Ni mambo gani tunaona aibu kumwambia muuguzi? Aibu hiyo imewahi kumgharimu mtu tunayemjua?
3. Usiku wa baridi, jiko la makaa liko wapi katika nyumba zetu?
4. Mzee akipatwa na kiharusi saa saba usiku hapa kwetu, nani ana gari, nani ana namba yake, na hospitali gani ina mashine ya picha ya kichwa? Jibuni kwa majina, si kwa jumla.

KAZI YA NYUMBANI

Kila mmoja achore katika daftari safu saba: tarehe na saa, nilikuwa nafanya nini, nilihisi nini, macho yaliona nini, muda gani, kulikuwa na nini kingine, chakula na dawa. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wa shule. Mwenye kizunguzungu ajaze kwa wiki nne, kisha aende na daftari hospitali, asome yote bila kuruka. Lakini akiona dalili yoyote ya Sehemu ya 5, asingoje wiki nne. Aende siku hiyo.

Asiye na kizunguzungu amtafute mmoja nyumbani au jirani mwenye nacho, amwulize maswali sita, amsikilize mpaka mwisho. Mkutano ujao tutaanza kwa kusikia mliyoyapata.